Letisia Sulle na Namba ya Njia

Nyumbani kwa mzee Isidori Sulle, kule Nambis, fimbo haikuwekwa mbali. Iliegemea ukuta karibu na mlango, na aliyekosa, aliyedhaniwa amekosa na aliyepita tu wakati mbaya wote waliijua vizuri. Letisia alikuwa mtoto wa kwanza. Felician alimfuata kwa miaka miwili. Mzee alipouliza nani kaacha ng'ombe waingie kwenye mahindi, Felician alitangulia kusema "mimi", hata kama siku hiyo alikuwa shuleni, na alipigwa mpaka mgongo ukavimba ili dada yake asiguswe. Mzee hakuwa mtu wa kupeleleza. Alitaka mgongo mmoja tu, na akishaupata hasira zilimwisha akaenda zake kunywa.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema Letisia alimtosa mdogo wake bila huruma, usiitikie haraka. Hakuna aliyejua kuliko yeye ni nani aliyekuwa anamtosa, na deni lake la fimbo lilikuwa kubwa kiasi gani.

Letisia alikuwa na akili ya hesabu na ulimi mkali. Alisoma kwa masista mpaka kidato cha sita, na mwaka 1987 akaajiriwa ukarani wa mipango kwenye shamba moja la ngano la serikali huko Hanang, ambalo watu walizoea kuliita Shamba la Nane. Mwaka uliofuata akamvuta Felician. Alipewa sare ya kaki, buti na rungu, akawa askari wa shamba. Siku ya kwanza ya buti alikuja ofisini, akapita mbele ya meza ya dada yake mara tatu, akijifanya ana safari ya maana kila mara. Walicheka mpaka Letisia akakosea kupiga chapa.

Shamba lenyewe halikuwa mahali pa kuchekesha. Ngano ilianza nyuma ya karakana ikaenda mpaka macho yachoke. Kabla yake palikuwa malisho ya Wabarbaig, na visima vyao, na makaburi ya wazee wao, na trekta zilipita juu ya vyote bila kupunguza mwendo. Boma lililochelewa kuhama lilichomwa moto na vyombo ndani. Mchungaji aliyekutwa kwenye ngano alichapwa viboko akalalia tumbo wiki nzima. Vijana wao nao walimvizia askari mmoja njiani wakamtoboa paja kwa mkuki, na askari wenzake wakaenda kuchoma boma jingine, ambalo wala halikuwa la vijana wale. Letisia aliyapiga chapa yote hayo nakala tatu, chini ya kichwa cha "Tukio", na mwisho wa mwezi alipokea mshahara. Alijichukia kwa hilo na hakuficha. Hata hivyo kesho yake alirudi kwenye mashine ya chapa.

Mwaka 1990, wakati wa mavuno, wakubwa walikubali kulegeza. Kulikuwa na njia sita za ng'ombe za kukata shamba kwenda kwenye maji na magadi. Kila Jumatatu ingefunguliwa moja, kutegemea ngano imeshavunwa wapi. Mfugaji angepewa kibali chenye namba ya njia ya wiki hiyo, na kila askari angepewa karatasi ya doria yenye namba hiyohiyo. Mwanzoni vibali viliandikwa kwa mkono na karani mmoja, karatasi za doria na mwingine. Mmoja akikosea namba, mtu anapasuliwa kichwa. Ilitokea mara mbili ndani ya mwezi, na mara ya pili aliyepasuliwa alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Letisia alipiga meza kwa kiganja mbele ya meneja Bashiri, akasema kuanzia sasa namba ya njia itaandikwa mahali pamoja tu, na ataiandika yeye.

Mashine ya kufanya hivyo ilikuwepo. Mtaalamu mmoja wa mbegu, mgeni, alikuwa amerudi kwao akaacha kompyuta, printa yenye kelele na kitabu kinene cha kufundisha lugha ya C. Kompyuta ilifanya kazi asubuhi tu, jenereta ya karakana ikiwaka. Letisia alijifunza pamoja na Ayubu, fundi umeme wa shamba, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh aliyependa nyaya kuliko duka la baba yake. Walikisoma kile kitabu mpaka jalada likatoka.

Programu waliigawa katika mafaili mawili. Faili la vibali liliuliza namba ya njia ya wiki, kisha likachapa vibali. Faili la doria lilichapa karatasi za askari. Kwa kuwa yote mawili yalihitaji namba moja, Letisia aliiweka kwenye faili la tatu, lile ambalo watu wa programu huliita heda. Heda husomwa kwanza na mafaili mengine, na kila faili huchukua yaliyomo kana kwamba yaliandikwa ndani yake lenyewe. Akaliita shamba.h, na ndani yake akaandika:

int njia = 1;

Alidhani amemaliza kazi.

Mashine ikakataa. Kila faili lilikubalika peke yake, lakini yalipounganishwa ilisema njia imefafanuliwa mara mbili. Nayo ilisema kweli, kwa sababu mafaili yote mawili yalisoma heda, kila moja likaunda njia yake, na mashine haikujua ya kushika ni ipi. Ayubu akaweka mistari ya ulinzi juu ya heda, ile ya ifndef, inayozuia heda isisomwe mara mbili ndani ya faili moja. Haikusaidia kitu, maana ugomvi ulikuwa kati ya mafaili mawili. Siku tatu zilipita hivyo. Meneja Bashiri alichungulia kila asubuhi akiuliza kama ile televisheni yao imeanza kusema.

"Dada Letisia," Ayubu alisema siku ya nne, kidole kikiwa kwenye kitabu, "kuna neno hapa, static. Tuliweke mbele ya int tuone."

"Linafanya nini?"

"Sijalielewa lote. Linasema kitu kinakuwa mali ya faili lenyewe."

Letisia aliliandika, na malalamiko yakaisha. Alikuwa amelelewa kwenye nyumba ambayo kelele zikikoma hakuna anayeuliza zimekoma kwa nini, unashukuru tu na kutoka nje taratibu. Ndivyo alivyofanya. Hakufunua ukurasa uliofuata, ulioeleza bila kuficha kwamba neno hilo likiwekwa kwenye heda, kila faili hupata nakala yake binafsi, na ukibadili nakala ya huku, ya kule haina habari. Mafaili yale hayakuwa yamepatana. Kila moja lilikuwa limepewa njia yake na kuambiwa linyamaze.

Wiki ya kwanza, iliyofunguliwa ilikuwa njia ya kwanza. Moja kwenye vibali, moja kwenye doria. Letisia alilinganisha karatasi kwa rula, mstari kwa mstari, na Bashiri akampa mkono mbele ya wafanyakazi. Wiki ya pili ilikuwa zamu ya njia ya nne. Aliingiza 4, vibali vikatoka na 4, akavisaini kimoja kimoja kwa wino wa bluu. Karatasi za doria zilipotoka alizikata, akazibana, akazituma kwa askari bila kuzitazama. Zilikuwa bado na ile 1 aliyoandika mwenyewe kwenye heda.

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi akipunga upepo, kwani printa ilitoa joto. Njia ya nne ilipita nyuma ya karakana, hatua mia tatu hivi kutoka pale. Aliona ng'ombe, vumbi, na askari wanne wakiwa wamemzunguka mtu, ila kwa lile vumbi hakuweza kujua kama yuko njiani au nje yake. Aliona rungu zikipanda na kushuka. Alikuwa ameshaona hivyo mara nyingi, na siku hiyo alijiambia kwamba huyo sasa ni mkaidi kweli, njia anayo na bado anaingia kwenye ngano. Akaingia ndani kumalizia kazi. Hili ndilo lililomtafuna kuliko yote baadaye, kwamba aligeuka.

Walimleta dakika chache baadaye kwenye tela la trekta, wakamlaza kwenye saruji ya veranda ya zahanati, mkabala na ofisi. Alikuwa mzee Gidabuyoka, ambaye Letisia alikuwa amemwandikia kibali Jumamosi. Fuvu lilikuwa limebonyea juu ya sikio. Jicho moja lilikuwa limejaa damu, na meno yake yalikuwa kwenye shuka lake. Mkewe, Udaghwenga, alikuwa amejitupa juu yake kuzuia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa mahali pawili, ukining'inia. Hakulia. Alikaa chini na kumfukuzia mumewe nzi kwa mkono uliobaki. Mganga alitoka na bakuli la maji, akapiga magoti, kisha akalisogeza bakuli pembeni bila kulitumia. Mzee alikata roho hapohapo.

Felician alikuwa amesimama karibu na tela, anahema, sare imeloa jasho na damu isiyo yake.

"Alighushi sahihi yako, dada," alisema. "Kibali kina namba nne, na leo ni njia ya kwanza. Nimesoma kwa macho yangu. Wanachezea jina lako hawa."

"Nipe hicho kibali," Letisia alisema. "Na karatasi yako."

Aliziweka pamoja kwenye kiganja. Nne, kwa wino wake mwenyewe. Moja, kutoka printa yake mwenyewe. Akaenda ofisini. Jenereta ilikuwa bado inanguruma. Alifungua heda, akaliona lile neno, kisha akafunua ule ukurasa ambao hakuufunua. Alisoma mistari sita tu. 

Sasa msikilizeni meneja Bashiri, aliyeingia na kufunga mlango. Alisikiliza maelezo mpaka mwisho, bila kumkatiza, kama mtu anayesubiri muuza duka amalize kusifia bidhaa. Kisha akasema mambo yalivyo. Karatasi za doria zitachomwa. Kibali kitatajwa kuwa cha kughushi. Askari aliyemzuia mvamizi mwenye kibali bandia alikuwa kazini, na mdogo wako atalala nyumbani. Ukisema kibali ni halali, basi askari wameua mtu aliyekuwa kwenye njia yake, na wa kwanza kufungwa ni Felician.

"Na wafugaji?" Letisia aliuliza.

"Wakighushi vibali, vibali vitafutwa. Njia zote sita zitafungwa. Utapumzika na hiyo heda yako."

Ayubu naye alimngojea kwenye ngazi, midomo imemkauka. "Dada, usinitaje," alisema. Letisia alimwambia kwamba lile neno static aliliandika yeye mwenyewe kwa vidole vyake, na aende akatengeneze nyaya. Wiki ileile Ayubu alihamia Katesh kuuza sukari na baba yake.

Alimwambia Felician mwenyewe, mchana, nyuma ya ghala la mbegu. Alimweleza kuhusu yale mafaili, taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha kujumlisha zamani. Felician alielewa upesi kuliko alivyotegemea. Alikaa juu ya gunia na kushika kichwa.

"Kwa hiyo alikuwa na haki ya kupita."

"Alikuwa nayo."

"Basi nyamaza," alisema Felician. "Ameshakufa. Wewe unafahamu mgongo wangu umebeba nini kwa ajili yako. Sijawahi kukuomba kitu. Sasa nakuomba, dada. Nyamaza."

Letisia alitaka kukubali. Alitaka kwa moyo wote, na alitembea mpaka jioni kando ya ngano iliyokatwa akijaribu kukubali. Kila alipofika mahali pa kusema ndiyo, alimwona yule mama akifukuza nzi, na nyuma yake wengine wote ambao wangekutwa kesho kwenye njia zilizofungwa kwa sababu ya neno lake. Wangepigwa hao pia, na wangeitwa waongo.

Baraza lilifanyika Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa mpira wa wafanyakazi. Alikuwepo ofisa kutoka wilayani, polisi sita, na Wabarbaig wapatao mia mbili walioambiwa waache mikuki kwenye mti wa goli. Walikaa chini kwenye nyasi. Askari wanne waliwekwa kwenye benchi. Bashiri alisimama akasoma kwamba marehemu alikutwa na kibali cha kughushi. Mkalimani alipomaliza, vijana wa nyuma walisimama kwa pamoja, na polisi wakakoki bunduki.

Letisia alitoka kwenye kundi la makarani akasimama katikati ya uwanja.

"Kibali ni changu," alisema. "Sahihi ni yangu. Namba nne ni sahihi. Iliyokosewa ni karatasi ya askari, na hiyo pia ni yangu. Namba niliitunza vibaya ndani ya mashine, ikawa mbili. Mzee Gidabuyoka alikuwa kwenye njia yake."

Mkalimani alitafsiri. Udaghwenga alinyanyuka, mkono umefungwa kwa vijiti na ngozi. Alisema jambo fupi.

"Anasema," mkalimani aliendelea, "maneno hayo umwambie yule aliyepiga."

Letisia aligeukia benchi. Felician alikuwa anamtazama, na macho yalikuwa ya mzee Isidori, hasira ile ile isiyohitaji upelelezi. Letisia alimwambia kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani, ili asijifiche popote: mtu uliyemuua hakuwa mwizi, na aliyekudanganya ni mimi.

Felician aliruka kutoka kwenye benchi. Ngumi ya kwanza ilivunja meno mawili ya mbele, ya pili ilimwangusha, kisha buti zikafuata, mbavuni, tumboni, mbavuni tena. Alimpiga akilia, makamasi yakimtoka, akimwita dada, dada. Polisi walichelewa. Nadhani walidhani hayo ni ya familia. Mpaka wanamvuta, mbavu tatu za Letisia zilikuwa zimekatika, na Wabarbaig mia mbili walikuwa wamekaa chini tena, wakitazama bila furaha yoyote.

Ofisa aliamuru njia zisifungwe. Hiyo ilikuwa na maana kwamba Jumatatu askari wengine wangetoka na karatasi nyingine, kutoka mashine ile ile. Hakuna mtu mwingine aliyebaki aliyeijua. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, jenereta ilipowaka, Letisia alikaa mbele ya kompyuta amefungwa shuka kifuani, anapumua kwa vipande, damu ya fizi ikimchuruzika kwenye taulo. Kwenye heda alifuta static na ile "= 1" ya mwisho, akaacha tangazo tupu:

extern int njia;

Hilo linayaambia mafaili yote kwamba njia ipo, ila haiundwi hapa. Kisha kwenye faili la vibali peke yake aliandika int njia = 1; na faili la doria halikuandikiwa chochote. Akaingiza 2. Vibali vikasema mbili, doria ikasema mbili. Akaingiza 6. Akaingiza 3. Alijaribu namba zote sita na kusoma kila karatasi kwa rula. Alimwachia Bashiri barua ya kuacha kazi juu ya printa.

Felician alifungwa miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Wenzake walipata miwili miwili. Letisia alirudi Nambis akalima mahindi na maharage, na baadaye akafundisha hesabu shule moja huko Maretadu, ambapo wanafunzi walimwogopa kwa sababu ya meno na kwa sababu hakuwahi kumgusa mtoto kwa fimbo, jambo walilolishuku. Kila Pasaka alipanda basi kwenda gerezani. Miaka mitatu Felician alikataa kutoka kumwona. Mwaka wa nne alitoka.

Walikaa wakitazamana, meza katikati, askari magereza akipiga miayo mlangoni. Letisia alimuuliza habari za kifua chake, maana alikuwa anakohoa. Felician aliuliza habari za mama. Kisha akauliza, "Ile mashine. Uliitengenezaje?"

"Nilifuta neno moja, nikaweka jingine. Na mstari mmoja nikauhamisha."

"Ilichukua muda gani?"

"Kama dakika tano."

Felician alitikisa kichwa. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zilishaanza kuwa nyeupe.

"Mimi nilimpiga zaidi ya hizo," alisema. "Na kila nilipopiga alikuwa ananyoosha mkono kwenye ofisi. Alikuwa anasema kwa Kiswahili chake kibovu, twende tukamuulize mwenyewe aliyeandika. Alisema mpaka meno yakaisha. Ofisi ilikuwa pale pale, dada. Nilikuona umesimama mlangoni, nikasema nisikusumbue."